Ini likichoka, akili huvurugika: Dalili za kuangalia nyumbani

Mgonjwa wa ini analala mchana kutwa, usiku yuko macho. Anasahau majina ya wanawe, maneno yanakuwa mazito mdomoni, na akinyoosha mikono viganja vinapigapiga kama mbawa. Iwe Kigera, Musoma, au kwingineko, ni rahisi kudhani karogwa au kapata kichaa. Sivyo.

Ini zima husafisha amonia, sumu inayotoka tumboni. Likishaharibika sana, mfano kwa homa ya ini B au pombe ya miaka mingi, sumu hiyo hufika kwenye ubongo.

Kinachochochea ni kukosa choo, maambukizi, kuvuja damu tumboni, kupungukiwa maji na dawa za usingizi.

Dawa inayotumika zaidi ni laktulosi ya maji. Lengo ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Samaki, maharage na maziwa asinyimwe bila ushauri wa daktari. Bodaboda asiendeshe, mtumbwi asiingie peke yake.

Mwenyewe mara nyingi hajijui; anayeona kwanza ni wa nyumbani. Akianza kuchanganyikiwa, akitapika damu au akiwa haamki, awahishwe hospitali usiku huohuo.