Fedha ya Umma na Shule: Nani Apewe, na kwa Sharti Gani?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kina maneno matatu ya mahali pa kusomea mtoto, na kila neno lina tarehe yake. "Chuo" ni neno la wenyewe, na maana yake ya zamani ni kitabu. Aliyepelekwa chuoni alipelekwa kwenye msahafu. "Skuli", litumikalo zaidi Unguja, lilikuja na Waingereza. Na "shule" tumelipata kwa Wajerumani. Ukiyatazama maneno haya utaona kuwa nyuma ya kila moja pana swali lile lile: nani humlipa mwalimu?

Chuo hakikulipwa na serikali. Mwalimu alikaa barazani kwake, wazazi wakampa pesa ya Alkhamisi, na mtoto akihitimu wakampa walichojaaliwa. Kwa hiyo mwalimu alikuwa wa watu wa mtaa, na watu wa mtaa wakimwacha alikuwa na njaa. Hiyo ndiyo heri ya chuo, na hiyo ndiyo dhiki yake.

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Walitaka makarani, wakalimani na maakida, na shule zao hazikuwa za dini. Wazee wetu wa pwani walizihofu kwanza, kisha wakazikubali, na wengi walioingia katika kazi za serikali ya Kijerumani walikuwa Waislamu. Lakini shule hizo zilikuwa chache. Ilipofika 1914 zilikuwa na wanafunzi maelfu machache tu, ilhali shule za misheni zilikuwa na zaidi ya laki moja, ingawa nyingi katika hizo zilikuwa vibanda vya kufundishia dini na kusoma kidogo.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliikuta hali hiyo. Mwaka 1924 ulikuja ujumbe wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, uliokuwa na Dr. Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Ujumbe ule uliishauri serikali ishirikiane na misheni. Mwezi wa Oktoba 1925 Gavana Cameron na maofisa wake walikutana na wamisheni Dar es Salaam, na baadaye, mwaka 1927, ikatoka sheria ya elimu. Shule isiyokuwa ya serikali itapata ruzuku ikiwa itafuata mafundisho yaliyowekwa, itakuwa na walimu wenye vyeti, na itakubali kukaguliwa.

Tuseme haki, maana Muislamu hakuruhusiwa kudhulumu hata katika maneno. Sharti lile halikutaja dini ya mtu. Kibanda cha katikisimu hakikupata ruzuku, na chuo cha Kurani hakikupata. Lakini sharti moja linapowekwa juu ya watu wasiolingana, matunda yake hayalingani. Misheni walikuwa na vyuo vya kufunzia walimu, walikuwa na nyumba na mashamba, walikuwa na jamaa zao Ulaya wa kuwachangia. Kibanda chao kiliweza kugeuka shule kwa miaka mitatu minne. Mwalimu wetu wa barazani angegeukaje, naye hana cheti wala hajui hesabu ya kizungu? Basi ruzuku ilimfuata aliyekwisha kuwa na kitu, ikamzidishia.

Waislamu hawakulala wote. Mwaka 1933 watu wa Dar es Salaam waliunda Al-Jamiatul Islamiyya, wakajenga shule ya watoto wao. Mwaka 1945 ikaundwa East African Muslim Welfare Society kwa juhudi za Aga Khan, Sultan Muhammad Shah, na utaratibu wake ulikuwa kwamba wenyeji wakichanga kiasi fulani, jumuiya huongeza kiasi hicho hicho. Misikiti na shule nyingi za Afrika ya Mashariki zilisimama kwa njia hiyo. Lakini palikuwa na miji iliyochanga, na palikuwa na miji iliyosubiri.

Mji wetu ulikuwa katika iliyosubiri. Mimi nilizaliwa mwaka mmoja kabla ya uhuru, na habari hii nimeipata kwa marehemu baba na kwa marehemu kaka yangu. Kaka alipasi darasa la nne, na shule ya kati iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni. Baba akampeleka mwenyewe. Akaambiwa nafasi ipo, lakini kila mtoto huhudhuria sala za asubuhi. Baba akauliza, "Mwalimu, kodi yangu imo humu?" Mwalimu yule, ambaye baba alimsifu siku zote kwa kutosema uongo, akajibu, "Imo, mzee. Lakini nyumba ni yetu." Baba akamshika kaka mkono wakarudi. Kaka akavua samaki mpaka alipofariki.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama shutuma juu ya wengine. Siku moja kaka akanikata maneno. Akasema, "Sheikh wangu, baba aliuliza vizuri. Lakini na mimi nakuuliza. Nyuma ya msikiti wetu palikuwa na kiwanja cha wakfu, na mpaka leo kina minazi miwili. Nacho kilikuwa cha nani?" Sikuwa na jawabu.

Swali la baba lilijibiwa na nchi baada ya uhuru. Mwalimu Nyerere aliyajua mambo haya kwa pande zote mbili: yeye mwenyewe alisoma shule ya serikali Tabora, kisha akafundisha katika shule za Kikatoliki Tabora na Pugu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na kuanzia 1970 shule zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali, isipokuwa seminari na mfano wake. Serikali ilisema kwa vitendo kwamba palipo na kodi ya wote, mlango uwe wa wote. Mtoto wa Kiislamu akaingia shule ya bweni pasipo kuulizwa sala yake, na kila dini ikapewa kipindi chake. Wengi katika wasomi wetu wa leo walipita katika mlango huo, na asiyeshukuru watu hakumshukuru Mungu.

Lakini serikali haikuweza kubeba yote. Nguvu zilielekezwa kwenye elimu ya msingi kwa wote, hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974, na nafasi za sekondari zikawa haba. Wazazi wakaanza kujenga sekondari zao, na makanisa yakarudi kujenga. Mwaka 1992 serikali ikatia saini na makanisa mkataba wa maelewano juu ya elimu na afya, na Waislamu wengi waliulalamikia, wakiuliza kwa nini upande mmoja. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilifunguliwa katika majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme, ambayo serikali iliyatoa. Na mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada mpaka kidato cha nne, na ruzuku hiyo haiendi kwa shule za binafsi. Mzazi anayempeleka mwanawe shule ya Kiislamu hulipa kodi na hulipa ada.

Je, ni dhuluma? Tutazame mifano miwili.

Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, mateka wenye mali walijikomboa kwa fedha. Wasiokuwa na mali lakini wakijua kuandika, Mtume (s.a.w.) aliwaachia kwa sharti kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina. Fidia ile ilikuwa haki ya umma, ikageuzwa mshahara wa walimu. Na walimu wenyewe walikuwa washirikina! Walifundisha kuandika, dini ilibaki kwa wenyewe.

Mfano wa pili ni Baghdad. Waziri Nidham al-Mulk alifungua madrasa yake mwaka 1067, akaweka wakfu mkubwa na mishahara. Sheikh Abu Is-haq al-Shirazi, aliyeteuliwa kuwa mwalimu, hakutokea siku ya ufunguzi, kwa kuwa alisikia kwamba katika jengo mna mali ya watu iliyochukuliwa kwa nguvu. Alikubali baadaye. Na imepokewa kuwa wanazuoni wa ng'ambo ya mto, upande wa Bukhara, waliposikia habari za mishahara ile waliililia ilimu, wakisema sasa itatafutwa na wenye kutaka dunia.

Katika Badri tunajifunza kwamba fedha ya umma kusomesha watoto ni sunna, na elimu ya kuandika huchukuliwa popote. Katika Baghdad tunajifunza kwamba anayelipa huingia na sharti lake, na mwanachuoni huuliza fedha imetoka wapi kabla ya kuipokea. Kwa hiyo, anayetaka ruzuku akubali kukaguliwa na awafungulie mlango watoto wa wote, kwa kuwa kodi ni ya wote. Anayetaka nyumba iwe yake na sala iwe yake, basi wakfu ndio hazina yake, wala asiudai mfuko wa jirani. Na serikali inayotoa, impe kila aliyetimiza sharti, pasipo kutazama kanzu wala msalaba.

Ndugu zangu, kudai haki si haramu. Lakini kabla hatujaandika barua nyingine kwa wakubwa, kila kamati ya msikiti na ihesabu viwanja vyake vya wakfu, iviandikishe, na Ijumaa iwasomee watu mapato na matumizi. Kiwanja cha mji wetu kina madarasa matatu sasa. Yalijengwa kaka akiwa kaburini.

Mwenyezi Mungu amrehemu, awarehemu wazee wetu, na atuwafikishe katika amana. Amin.