“Ben”: neno moja, mguu na mfupa

Kwa Kiingereza, mfupa ni “bone” na mguu ni “leg”. Ukifika Sweden au Denmark, neno moja, “ben”, hubeba maana zote mbili. Norwei huandikwa “bein” au “ben”. Msikilizaji huijua maana kutokana na maneno yanayolizunguka.

“Bone” na “ben” ni ndugu wa asili moja. Ila Kiingereza kilibaki na mfupa tu. Neno “leg” lilitoka kwa Waskandinavia, ambao walianza kuhamia Uingereza katika karne ya 9. Kwao lilikuwa “leggr”. Leo “legg” ya Norwei ni sehemu ya chini ya goti, na “læg” ya Denmark ni shavu la mguu.

Tofauti hii ina uzito hospitalini. Kwa Kiswidi, “benbrott” ni kuvunjika mfupa wowote, hata wa mkono. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Sweden akikuandikia kwamba amepata “benbrott”, usiwatangazie watu kuwa amevunjika mguu. Muulize kwanza: ni mfupa upi?

Kiswahili nacho kina mtego wake. Sisi tukisema mguu, huwa ni kuanzia pajani hadi vidoleni. Waswidi hutenga “fot”, sehemu ya kuanzia kifundo kwenda chini, na “ben”, sehemu ya juu yake. Mgonjwa anayeumwa kisigino akisema “ben”, daktari ataanza kutafuta mahali pengine. Njia salama ni kuonyesha kwa kidole panapouma, na kuomba mkalimani.