Comet Juu, Mpanda Chini

Chukua ramani, weka rula toka Entebbe hadi Livingstone. Mstari unakatiza Ziwa Tanganyika, ng'ambo kidogo ya Karema, kwetu Katavi. Miji hiyo miwili ilikuwa vituo vya Comet ya BOAC, iliyoondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya jeti yenye abiria wa kulipa. Viti 36 tu! Vingine vinatazamana, meza katikati, mtu anakula kwa raha zake. Nauli ya kwenda pauni 175, na saa 24 hazitimii, umefika. Si mchezo.

Miaka hiyohiyo Mpanda wanachimba madini ya risasi. Reli ya Kaliua, kama kilometa 210, ilijengwa hasa kuyatoa. Mawe yetu nayo yakasafiri nje. Kibarua akabaki shimoni. Riwaya ninayoiandika ni ya huyo kibarua, yule wa dirishani ameshaandikwa sana.

Comet hizo zilisimamishwa 1954, mbili zilipopasuka angani mwaka huo. Mgodi ukafungwa 1960. Reli ikabaki. Nimeipanda daraja la tatu, magunia ya mchele miguuni, usiku kucha hadi Tabora.