Spiriti ndiyo iliyowahifadhi buibui, na ndiyo iliyowaunguza

Asubuhi ya Mei 15, 2010, moto uliteketeza jengo la makusanyo la Instituto Butantan jijini São Paulo, Brazili. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa 1901 na kujulikana kwa dawa za sumu ya nyoka, ilipoteza maelfu kwa maelfu ya nyoka, buibui na nge waliokusanywa kwa takriban miaka mia. Kilichouchochea moto ni alkoholi ile ile iliyowazuia wasioze.

Kwa nini basi wasikaushwe? Kipepeo au mbawakawa huchomwa pini na kuwekwa kwenye sanduku, akadumu. Buibui hakubali: tumbo lake ni laini, likikauka husinyaa hadi hatambuliki. Kwa hiyo hutiwa katika kichupa cha spiriti ya asilimia 70 hadi 80, mdomo ukazibwa kwa pamba, na vichupa vingi vikatumbukizwa pamoja ndani ya chupa kubwa iliyojaa spiriti pia. Lebo huandikwa kwa penseli au wino usiofutika, ikakaa humo humo na mnyama. Ya kubandikwa nje huchubuka, na buibui asiyejulikana alikotoka hamfai mtafiti.

Spishi nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi, ambavyo mara nyingi ni vidogo kama punje ya mchanga. Kwa jike, mtafiti huvikata kwa sindano, kisha huweza kuviloweka katika mafuta ya karafuu mpaka ngozi iwe angavu na mirija ya ndani ionekane. (Wazanzibari watatabasamu.) Ndipo huvichora chini ya hadubini, mara nyingi akitumia kifaa kilichotokana na uvumbuzi wa Mwingereza William Hyde Wollaston, aliyeupatia hataza mwaka 1806: jicho huona sampuli na karatasi kwa wakati mmoja, mkono ukafuata mstari.

Mwaka 1965 hadubini ya elektroni ya kuskani ilianza kuuzwa Uingereza. Buibui wa milimita mbili akakaushwa kwa uangalifu, akavalishwa utando wa dhahabu, na kila unywele wa mguu wake ukaonekana. Baadaye ukaja uchunguzi wa DNA, ambayo huharibika katika spiriti ya kawaida. Maabara zikalazimika kununua alkoholi ya asilimia 95 na zaidi, pamoja na majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Tukirudi kwenye hatari ya moto, huko London makusanyo ya spiriti ya Makumbusho ya Historia ya Asili yalipata jengo jipya mwaka 2002, lenye rafu za kilomita 27. Vyumba hupozwa makusudi ili mvuke usishike moto kirahisi.

Hata hivyo spiriti hugeuka mvuke polepole katika kila chupa, na sampuli iliyokauka ovyo ni vigumu kuiokoa kwa mashine yoyote. Makumbusho yenye fedha kidogo yamwajiri kwanza mtu wa kukagua vizibo na kujaza chupa. Hadubini ya elektroni inaweza kusubiri.