Bunduki Tulikuwa Nazo, Shida Ilikuwa Gumegume

Kuna hadithi tunayopenda kuisimulia huku Malindi, hasa tukiwa tumekaa karibu na Nguzo ya Vasco da Gama tukitazama bahari: eti Wazungu walitushinda kwa sababu wao walikuwa na bunduki, sisi tulikuwa na mishale. Nimeisikia shuleni, nimeisikia barazani, na mimi mwenyewe nimewahi kuirudia. Siku hizi siikubali. Ni nusu ya ukweli tu.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina majina ya bunduki ambayo watu wasiozijua wasingekuwa nayo. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi unaofuka moto. Ya gumegume ilitumia jiwe. Ya fataki ilitumia kidude kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa. Zote tatu zilishindiliwa kwa mdomoni: unamimina baruti, unatia risasi, unasukuma kwa mdeki. Hizo ndizo gobori.

Sasa tuseme wewe ni mtu wa pwani wa miaka ya 1870 na unataka gobori. Utachagua mtambo gani?

Gumegume inafanya kazi hivi: ukivuta, jiwe linapiga kipande cha chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kibakuli, moto unapita kwenye tundu hadi ndani, halafu ndiyo risasi inatoka. Jiwe likiwa butu, hakuna cheche. Upepo ukipuliza, baruti inapeperuka. Na unajua joto na unyevu wa huku kwetu, chumvi yenyewe ya jikoni inaganda. Baruti nayo hunyonya unyevu hivyo hivyo.

Fataki ilikuja kutibu maradhi hayo. Mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alikuwa mwindaji, na ndege walikuwa wakiuona ule mwako wa kwanza na kuruka kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, na fataki zenyewe zikafuata. Zinawaka haraka, hata kwenye manyunyu. Lakini fataki inatoka kiwandani ng'ambo. Zikikuishia, bunduki yako ni rungu. Gumegume inataka jiwe na baruti tu, basi. Kwa hiyo aliyechagua gumegume hakuwa mshamba. Alikuwa amepiga hesabu.

Tatizo ni kwamba wenzetu walishahama. Waingereza walianza kutumia Snider mwaka 1866, kisha Martini-Henry mwaka 1871, bunduki za kujazwa kwa nyuma. Gobori za zamani zikauzwa Afrika kwa bei ya kutupa. Chukua simu yako uweke saa: askari hodari wa gumegume alipiga risasi kama 3 kwa dakika, yaani moja kila sekunde 20. Mwenye Martini-Henry aliweza kufikisha 12, yaani moja kila sekunde 5. Wewe bado unashindilia, mwenzako ameshakupiga mara nne.

Basi si tungenunua mpya? Hapo ndipo pananiuma. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalitia saini Mkataba wa Brussels. Ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Malindi imo humo ndani. Na zipi zingeweza kuruhusiwa kuuzwa? Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Zanzibar, ambayo Sultani wake ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye mwambao huu, nayo ilitia saini.

Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na siwezi kuicheka. Mashamba ya nafaka ya Malindi ya wakati huo yalilimwa na watumwa, na bunduki zilisaidia kuwakamata. Lakini mkataba huohuo uliwaachia serikali za kikoloni na majeshi yao silaha zote mpya.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1895, ugomvi wa urithi wa uongozi ulizuka Takaungu na Mbaruk bin Rashid wa Gasi akaingia vitani dhidi ya Waingereza. Watu wake walikuwa na bunduki. Ilibidi wanajeshi waletwe kutoka India, na mpaka Aprili 1896 ndipo Mbaruk alipokimbilia upande wa Wajerumani.

Halafu 1914. Wagiriama wa Mekatilili wa Menza walipigana hasa kwa mishale, hiyo ni kweli. Lakini tazama nani alikuwa upande wa pili: King's African Rifles, askari weusi kama sisi, wamepewa bunduki za kisasa na wanazitumia barabara.

Kwa hiyo msiniambie tena kwamba Mwafrika hakuijua bunduki. Aliijua ya mrao, ya gumegume na ya fataki, na alipopewa mpya aliijua siku hiyohiyo. Ila alipewa akiwa amesimama kwenye safu ya mkoloni. Akiwa kwake, anatetea shamba lake, karatasi ya Brussels ilikuwa imeshamchagulia: gumegume.