Sikwensa

Sikwensa ni kifaa cha kielektroniki kinachopeleka mfululizo wa volteji kwenye sinthesaiza, yaani ala inayozalisha sauti kwa umeme, ambapo kila hatua ina kitufe chake cha kuzungusha kinachoamua kimo cha noti, na hatua ya mwisho ikishapita mfululizo huanza upya wenyewe. Kukiita “kipangaji” hakutoshi, kwa kuwa anayepanga ni mwanamuziki, ilhali kazi ya kifaa ni kurudia. Neno la kukopa ni bora zaidi. Mfano wa kurudia huko ni muziki wa Klaus Schulze wa Berlin: yeye, aliyepiga ngoma katika kundi la Tangerine Dream na baadaye Ash Ra Tempel kabla ya kuendelea peke yake, alirekodi *Irrlicht* (1972) bila sinthesaiza yoyote, akitumia kinanda na rekodi ya okestra aliyoigeuza. Sikwensa ilishika nafasi yake katika *Timewind* (1975), albamu ya vipande viwili tu, kila kimoja kikijaza upande mzima wa santuri kwa takriban nusu saa. Mapigo yanapojiendesha, mkono uliobaki huru hufungua taratibu chujio la sauti, hata noti zilezile zilizokuwa nzito na zenye giza zikaanza kung’aa, na msikilizaji akapoteza hesabu ya muda. Hali hiyo ya fahamu kulegea, iitwayo saikedeliki, ndiyo inayoupa muziki huu sifa ya kuelea angani, nayo Schulze aliifikia bila bendi.