Dawa Iliyogeuka Msiba

Msomaji, iko nchi ya milima huko Marekani, nayo ni jimbo la West Virginia, ambako watu tangu zamani waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Kazi hiyo huvunja migongo, na mwenye maumivu humwamini amleteaye nafuu. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue ilianza kuuza OxyContin, kidonge kikali cha jamii ya afyuni, ikidai kuwa si rahisi kumfanya mtu mtumwa wake. Mwaka 2007 kosa la udanganyifu huo lilikiriwa mahakamani. Lakini vidonge havikukoma. Kati ya 2007 na 2012 jimbo hilo, lenye watu wasiofika milioni 2, lilipelekewa vidonge milioni 780 vya jamii hiyo, na watu 1,728 wakafa kwa kuvizidisha. Kermit, kijiji cha watu 400 hivi, kilipokea karibu milioni 9 kwa miaka miwili.

Afyuni hupunguza pumzi hata ikakatika. Mtu hulala asiamke. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hesabu hiyo ilipita bila kuzuiwa. Basi, msomaji, usiulize tu, “Mbona walimeza?” Uliza pia, “Ni nani aliyeleta, na ni nani aliyeona akanyamaza?”